Kilimia cha Bibi Juu ya Woolwich

Enzi zetu sisi wa Kondoa, nyota ulikuwa huzitafuti, zinakuja zenyewe. Magharibi ikishaswaliwa, Bibi mzaa mama anatandika mkeka uani, mahindi yanachomwa, na sisi ndio tumetoka kucheza kombolela, tunanuka vumbi mpaka masikioni. Unalala chali, mdomo umejaa mahindi, Bibi anaanza: "Kile pale Kilimia. Babu yenu akikiona hapo, ananoa jembe." Kale kashada ka nyota zilizobanana, tulikajua kabla ya kujua a, e, i, o, u. Ila ole wako unyooshe kidole! "Shusha mkono wewe! Ukihesabu nyota utaota chunjua!" Ukijisahau, unakunja kidole haraka, unaonyesha kwa kifundo. Wenzangu mnakumbuka, msijifanye. Kuna watu wazima humu mpaka leo hawathubutu.

Watoto wetu wa siku hizi mwezi wanao kwenye simu. Wanaukuza, wanaugeuza, ukimwambia toka nje tuutazame wenyewe, anauliza kwanza kama kuna baridi. Wangu wa mwisho, Zuhura, kazaliwa hapahapa Woolwich, huku ughaibuni. Kiswahili anakisikia chote, hasa nikiwa namsema kwa shangazi yake, lakini jibu lake Kiingereza. Alipokuwa mdogo alikuwa ananiuliza kila kitu mpaka nachoka. Siku hizi haniulizi. Hilo ndilo linaloninyima raha, na kila nikisujudu namtaja.

Wiki iliyopita, rafiki yangu Marisol, Mbolivia niliyekutana naye darasa la jioni la Kiingereza, akaniomba nimsindikize, nije na Zuhura. Maktaba ya mtaani ilikuwa na jioni ya kutazama nyota kwa familia zinazozungumza Kihispania, darubini zimepangwa kwenye bustani ya nyuma, maelezo yote kwa lugha yao. Marisol alikuwa hatulii. Kwa daktari, shuleni, ofisi za kanseli ya mtaa, kote binti yake Luz ndiye anayemtafsiria.

"Leo nataka Luz aniulize mimi," akaniambia kwa kile Kiingereza chetu cha darasani. "Na kama sijui, je?"

Nikamwambia kila mtu aombe kwa dini yake, twende. Sikumwambia kwamba hofu ninayo na mimi. Mama wa maktaba alishanieleza: hii ikienda vizuri, Jumamosi inayofuata ni ya Kiswahili, na wa kusimama mbele ni mimi. Niliitikia inshallah, kisha nikakosa hamu ya kula.

Baridi ile ilikuwa ya kung'ata masikio. Dada aliyekuwa anaelezea, mwanafunzi wa chuo, alianza vizuri tu. Kisha akanyoosha kidole juu, akawaashiria watoto nao wanyooshe, wahesabu nyota za Kilimia. Weee! Kinamama wote kwa mpigo wakashusha mikono ya watoto wao. Marisol kampiga Luz kikofi, na mimi bila kufikiri nimeshaukamata mkono wa Zuhura. Tukatazamana na Marisol. Nikamwonyesha ngozi ya mkono wangu, nikafinya kama kuna kitu kimeota.

"Na nyie?" akaniuliza. "Bibi yangu pia!" Akacheka mpaka akajishikilia kwangu.

Yule dada akajishika kichwa. Na yeye, Marisol akaninong'oneza, bibi yake alimkataza, chuo kikamsahaulisha. Akawaambia watoto wakunje ngumi, wapime kwa ngumi nafasi kati ya nyota na nyota, na kinamama wakaridhika. Hapo Luz akamvuta mama yake koti, akauliza kitu. Marisol akaeleza, akaeleza, mikono inaruka. Baadaye akaniambia kwamba kwao kile kishada wanakiita vibuzi, na yeye utotoni alichunga mbuzi wa kweli. Luz hakutafsiri hata neno moja. Alikuwa anasikiliza tu.

"Mum, why can't I point?" Zuhura akaniuliza, kwa nini asinyooshe kidole.

Hatimaye kaniuliza! Nikaanza kwa Kiswahili: Kondoa, mkeka, mahindi, Kilimia cha Bibi, chunjua, kifundo, babu na jembe, vyote kwa pamoja, kama mtu anayekimbizwa. Nilisikia mwenyewe navuruga. Zuhura akasema "Okay," akatia mikono mfukoni. Nikajiambia, basi, kama nimeshindwa kwa mtoto mmoja, hiyo Jumamosi nitawaambia nini watu wazima na watoto wao?

Tukaenda kituoni kusubiri basi. Kondoa anga lilikuwa limejaa pomoni, na Bibi hakuwa na haraka; usiposikia leo, kesho mkeka uko palepale. Hapa mataa yameshameza karibu kila kitu, vimebaki vinyota vichache, na huyo mtoto anakua, na basi ndilo hilo linakata kona. Nikawa natafuta kadi yangu ya nauli. Pembeni nikaona mkono wa Zuhura umetoka mfukoni, umeinuka juu ya mapaa ya maduka, kidole amekikunja, anakionyesha kile kishada kwa kifundo.

"Cha Bibi?" akauliza. Kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu haraka, kabla basi halijafungua mlango. "Cha Bibi."