Kigari cha Kinyozi

Kinyozi wetu wa Ruiru alikuwa mrefu sana, na gari lake lilikuwa Mini. Akiingia, magoti yalikaribia masikio. Alikuwa amekata springi likae chini, akalitia magurudumu mapana na usukani mdogo kama sahani ya chai. Kila Jumapili ya mwaka ule wa tisini na sita alilileta kituo cha mafuta, akaweka kiganja juu ya paa na kulitetea kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kutuliza watoto wanaoogopa mashine ya kunyoa.

"Gari likikaa chini linashika barabara," alisema.

"Barabara ya Murera, yenye matuta hivi?" aliuliza Wanyoike, aliyekuwa ameinua kigari chake na kung'oa kiti cha nyuma aweke spika. "Barabara ndiyo italishika!"

Wakibishana hivyo, Ngendo, muuza mboga wa hapo kando, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Kiti cha nyuma kilikuwa kwa kinyozi tu. Wakampakia. Kwenye tuta la kwanza, mbele tu ya kituo, tumbo la gari likakwama. Kinyozi alijikunjua akatoka, akawaambia Wanyoike na wenzake waliokuja mbio, bila kupandisha sauti:

"Inueni. Pamoja na mama. Hili linabebeka, ndiyo uzuri wake."

"Ngai! Mtabishana nikishazaa!" Ngendo alipiga kelele kutoka ndani.

Wakaliinua, Wanyoike akiwa mbele. Mtoto alizaliwa salama Thika. Wanyoike mpaka leo husema ni yeye aliyempeleka mama hospitali, kwa mikono.