Mkono wa Lugano Gizani

Filemoni alizaliwa Tosamaganga, mbali na maji makubwa, na kwao walimcheka: "Mhehe na meli, wapi na wapi?" Hata hivyo, miaka ishirini na sita alikuwa fundi mkuu wa meli moja ya Ziwa Nyasa, akitokea bandari ya Itungi, kule Kyela.

Chini kwenye injini mngurumo humeza sauti. Mafundi wake walisemezana kwa mikono: ngumi ni tayari, kiganja ni ngoja. Filemoni alijivunia jambo hilo. "Watu wangu hawapayuki," alikuwa akisema.

Basi siku moja upepo wa mwera ulivuma vibaya. Mawimbi yakakoroga tope lililolala ndani ya tangi, chujio la mafuta likaziba, injini ikazima, na taa zikafa nayo. Meli ikageuka ubavu, ikawa inasukumwa kuelekea miamba ya Lumbila. Walisafisha chujio kwa tochi moja, huku wakitapika. Kisha Lugano, mmoja wa mafundi wake, akachomeka mtaimbo kwenye gurudumu la injini, alizungushe mpaka mahali pa kuwakia.

Filemoni aligeuza ile tochi, akamulika geji ya mtungi wa hewa, Lugano akabaki gizani. Hewa ya kusukuma injini iwake ilibaki ya mara moja tu. Hakuuliza neno, hawakuzoea kuulizana.

"Gerson, fungua hewa!" akamwamuru fundi aliyekuwa penye mtungi.

Injini ikawaka. Mtaimbo ulikuwa bado haujachomolewa. Ukaruka ukampiga Lugano kifuani.

"Chifu, tumpeleke juu!" Gerson alilia.

"Usitoke hapo! Injini ikizima tena tumekwisha wote."

Saa mbili nzima Lugano alilala miguuni pao. "Chifu," alisema mwishoni, "mbona nilikuonyesha kiganja." Hawakufika naye Itungi.

Msibani Tukuyu, abiria walipanga mstari kumshukuru Filemoni. Yeye akaenda kwa Eveline, mjane, akamweleza yote bila kuficha.

"Aliteseka muda gani?" Eveline aliuliza.

"Saa mbili, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi, baba?"

"Kwenye injini."

"Nenda kwenu, baba. Matanga tutaanua wenyewe."

Filemoni akapanda basi la Iringa mchana uleule. Kazini hakurudi, analima mahindi. Siku hizi mashine ya kusaga ya jirani ikigoma, akina mama humgongea na madebe yao: "Fundi, njoo utuokoe." Hutoka mpaka mlangoni, akawaambia kwa upole kwamba anaumwa.