Maharage Niliyoyashusha

Nilipostaafu nilinunua gari kuukuu la abiria, lile ambalo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Nikang'oa viti vya nyuma, nikafunga kitanda cha mbao, jiko la gesi na mapazia aliyoyashona mke wangu. Nilimwahidi kwamba sasa tutasafiri tutakavyo, tukichoka tutalala humo humo, na safari ya kwanza itakuwa kwao Nakapanya, kwa mama yake, ambaye hatukuwa tumemwona kwa muda mrefu.

Fundi sikumtaka. Nilikuwa na boksi la spana, simu iliyojaa video za mafundi wa kila nchi, na kiburi cha kutosha gereji nzima. Baada ya kulitumia wiki chache niliifungua injini uani kwetu Lizaboni, nikakuta thamostati, kidude cha shaba kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ishike joto. Jirani aliyekuwa akinitazama akasema vitu hivyo ni vya nchi za baridi. Nikaafiki papo hapo, mimi niliyevaa sweta mbili, maana ilikuwa Julai, na Songea ya Julai mnaijua. Nikaking'oa na kukitupa kwenye kopo la misumari. Tangu hapo mshale wa joto ukalala chini kabisa, nami nikawa nawaonyesha wageni jinsi injini yangu ilivyotulia.

Ila gari likaanza kula mafuta ajabu. Tukienda Mshangano shambani na kurudi, tanki lilikuwa linalia. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha chujio la hewa, nikajaza upepo matairi mpaka tukawa tunarukaruka barabarani. Kwenye miteremko nilitoa gia nikaliacha gari lijiendee, mke wangu ameshika dashibodi kwa mikono miwili, midomo ikimcheza kwa dua. Haikusaidia kitu. Nikaamua kwamba tatizo ni uzito.

Asubuhi ya safari mke wangu alikuwa amepakia madebe mawili ya maharage ya shambani kwetu, zawadi ya mama yake. Nikayashusha. Nilimweleza kwa sauti ya mtaalamu kwamba mzigo ni mafuta. Akasema mtu haendi kwa mama yake mikono mitupu. Nikamjibu kwamba mama atafurahi kutuona sisi wenyewe. Alipanda, na tulikuwa tumeshakwenda mbali aliposema, "Zamani kiti hiki kilikuwa kinanipasha joto. Siku hizi kimepoa."

Nilimwambia ajifunge kitenge.

Mama mkwe alitupokea vizuri, akatuchinjia kuku, wala hakuuliza lolote. Mke wangu alishinda akitazama chini. Tulipoaga, mama aliagiza tupakiwe gunia la mchele, na korosho juu yake. Nilitaka kusema habari za uzito, nikauona uso wa mke wangu, nikafungua mlango wa nyuma.

Tulipofika nyumbani, baada ya kutwa nzima barabarani, niliweka mkono kwenye kiti chake. Kilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Hapo ndipo akili ikanirudia: injini haikuwa ikipata joto lake, ndiyo maana ilikuwa inachoma petroli bure. Mke wangu alikuwa ameniambia kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, nami nikampa ushauri wa kitenge. Niliona aibu sana.

Nilifukua kopo la misumari, nikakirudisha kidude mahali pake. Tulipokwenda Mshangano mshale ukapanda hadi katikati, na mafuta yakabaki. Nikamweleza mke wangu yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi tunarudi Nakapanya," akasema. "Na mama utamwambia mwenyewe."

Tulirudi na madebe manne. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, nikayabeba moja moja hadi barazani, kisha nikasimama mbele yake na kueleza kila kitu, mpaka habari za kopo la misumari. Alichota maharage kwa kiganja, akayaangalia.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mlivyokuja mikono mitupu, mwanangu, nilijua huko Songea mna njaa. Mchele ule ndio uliokuwa akiba yangu ya mwaka."

Nusu yake tulikuwa tumeshaula.