Shangazi wa Merrylands achora harusi ya Italia kwa chaki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Verdiane Barampama amepiga magoti kwenye saruji ya maegesho nyuma ya fleti anamoishi, Merrylands, magharibi mwa jiji la Sydney. Mkono wa kulia una chaki. Wa kushoto umeshika ncha ya kamba nyekundu.

Ncha ya pili ameishika Ishmael Kinuthia, dereva wa lori la makontena aliyefika moja kwa moja kutoka bandari ya Port Botany, bado amevaa fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa.

"Vuta, Ishmael. Kamba ikilegea, meza ya keki itaingia jikoni kwa watu."

"Nimevuta, Shangazi. Ikikatika usinidai."

Juu ya ndoo iliyopinduliwa kumeegeshwa simu. Ndani yake mwanamke aliyevaa aproni ya buluu anazunguka polepole katika ua wenye taa za njano na mlimao mmoja kwenye chungu. Kwake bado ni Ijumaa usiku.

"Toka mlango mpaka kwa ukuta iko shuka saba, wifi," anasema. "Nimehesabu mara mbili."

Huyo ni Mélanie, mfanya usafi katika hoteli ndogo ya ufukweni, kusini mwa Italia. Ni wifi yake Verdiane na mama mzazi wa Lyse, binti aliyechumbiwa na Ishmael. Harusi ya vijana hao imepangwa kufanyika katika ua huo. Verdiane, ambaye ndiye mpangaji, hajawahi kuukanyaga.

Walipoanza kupanga, mapema mwaka 2020, Mélanie hakuwa na futi ya kupimia. Alichokuwa nacho ni shuka za wageni. Akazitandika moja baada ya nyingine kutoka ukuta hadi ukuta, akahesabu. Verdiane naye, huku Sydney, akakata kamba hii nyekundu yenye urefu wa shuka moja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo ya shuka. Tangu hapo kila kitu cha harusi hii hupimwa kwa shuka: njia ya bibi harusi ni shuka nne, meza ya chakula shuka mbili na nusu, nafasi ya kucheza muziki shuka tatu kwa tatu.

"Watu wengine wanapanga harusi kwa kompyuta," anasema Verdiane, akifuta chaki kwenye magoti. "Mimi nikiona picha sielewi. Lazima nitembee. Nikishatembea najua mahali ambapo mama mzee atajikwaa."

Verdiane, mwenye umri wa miaka 51, ni Mrundi aliyekulia katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania. Siku za kazi huwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee: anawaogesha, anawalisha, anawachana nywele. Jumamosi hupamba harusi za Warundi, Wakongo, Wakenya na yeyote atakayemwita. Gereji yake imejaa vitambaa vyeupe vya meza vilivyopigwa pasi na kuviringishwa kwenye mirija ya karatasi ngumu, ili visipate mikunjo.

Kabla ya korona, harusi moja ilimwingizia kati ya dola 600 na 900. Baadaye kumbi zikafungwa. Akauza viti vyote. Vitambaa hakuviuza.

"Kiti ni kiti tu," anasema. "Kitambaa nimekipiga pasi mwenyewe."

Kwa nini harusi ya watu wa Merrylands na Minto, kitongoji cha Sydney wanakoishi kina Ishmael, ifanyike Italia? Verdiane anasimama kwanza, anaunyoosha mgongo, ndipo anajibu.

Kaka yake, Anicet, baba yake Lyse, alifariki kambini. Mwaka 2007, wakati familia yao ilipoitwa kwa ajili ya kuhamishiwa Australia, Mélanie alikuwa amevuka kwenda Burundi kumuuguza mama yake. Njia ya kurudi ikafungwa kwa vurugu, na safari haikumsubiri. Lyse, wakati huo akiwa na miaka kumi na miwili, aliondoka akiwa ameshikwa mkono na shangazi yake.

"Nilimpata Mélanie kwa simu ya jirani. Nikamwambia, wifi, nimemchukua mtoto wako, nitakuletea. Hakulia. Akaniuliza kama mtoto ana sweta."

Ilipita miaka mingi kabla Mélanie hajafika Italia na kupata hati za kuishi na kufanya kazi huko. Aliomba viza ya kuja Australia mara mbili, mara zote akakataliwa. Lyse akasoma uuguzi, akaanza kazi hospitalini, akakutana na Ishmael kanisani. Alipochumbiwa, sharti lake lilikuwa moja: kama mama hawezi kuja kwenye harusi, harusi itamfuata mama.

Mwenye hoteli, ambaye humwita Mélanie kwa jina la kwanza na kumletea samaki siku za Ijumaa, akawapa ua bure kwa siku moja. Tarehe ilikuwa Septemba 2020.

Machi mwaka huo Australia ikafunga mipaka yake. Raia hawakuruhusiwa kutoka bila kibali maalumu, na harusi ya ng'ambo haikuwa sababu ya kupewa kibali. Wakaahirisha hadi Septemba 2021. Ilipofika, Merrylands ilikuwa chini ya amri kali ya kubaki nyumbani, polisi wakipita mitaani na helikopta juu. Verdiane alihitaji kibali cha mwajiri ili kwenda kazini, vitongoji vichache tu kutoka kwake.

Hapo ndipo Lyse alipochoka.

"Nilikuwa natoka wodini, uso una alama za barakoa, nakaa kwenye gari nashindwa hata kuwasha," anasimulia Lyse, ambaye sasa ana miaka 26. "Serikali ikasema unaweza kufunga ndoa na wageni watano. Nikamwambia Aunty, let's just do it. Hapo kwenye bustani. Yaishe."

Verdiane hakubishana naye. Alipiga pasi kitambaa kimoja cha meza, kidogo kuliko vyote alivyonavyo, kwa ajili ya keki ya watu saba. Kisha akampigia wifi yake kumweleza.

"Alisema, 'Ni sawa, mtoto asizeeke kwa sababu yangu.' Halafu akasema anakwenda kuanua shuka. Nilijua hakuna shuka. Kwao mvua ilikuwa inanyesha, niliisikia."

Aliyewabadilishia mambo, bila kujua, ni mzee Kinuthia wa Minto, baba mdogo wa Ishmael. Kwa vile ndoa ilikuwa inafanywa harakaharaka, aliomba mila moja tu ya kwao Kenya isiachwe: ile ya bwana harusi kumtambua bibi harusi miongoni mwa wanawake waliofunikwa leso kuanzia kichwani. Akikosea, analipa faini itakayotajwa na upande wa bibi harusi.

"Nikamuuliza, mzee, tutawafunika vipi na hatuwezi kutembeleana?" anasema Verdiane. "Akasema, 'Mama, si kila mtu ana simu? Kila mtu ajifunike kwake.'"

Basi Jumapili moja ya Septemba familia mbili zikakutana kwa mkutano wa video. Upande wa bibi harusi ulikuwa na wanawake wanne: Lyse, rafiki yake Emérance, Verdiane mwenyewe, na Mélanie kutoka Italia. Verdiane aliwaagiza wafute majina yao kwenye simu na kuweka namba, wakae kimya, na wajifunike mpaka magotini.

Watatu walikuwa na vitenge. Mélanie hakuwa nacho karibu, akajitupia shuka ya hoteli.

Ishmael alikaa mbele ya simu akiwa amevaa koti la suti juu na kaptura chini. Baba yake mdogo alikuwa mwenye kuchochea.

"Angalia vizuri, kijana. Ukikosea hapa, nyumbani utapotea njia ya chumba."

"Wacha niwaze, Baba Mdogo. Namba moja ni mnono, huyo ni Shangazi."

"Faini ya kwanza," sauti ikatoka chini ya kitenge namba moja, na watu wote wakacheka.

Ishmael akazisogelea picha moja baada ya nyingine. Akarudi kwa namba nne, yule wa shuka nyeupe. Hakuchelewa tena.

"Huyu. Huyu ndiye wangu."

Shuka ikavutwa. Akatokea mama mwenye nywele zenye mvi kwenye paji la uso, macho yameduwaa.

Minto walicheka mpaka mzee Kinuthia akaangusha simu yake. Ishmael alijifunika uso kwa mikono. Mama mkwe wake mtarajiwa, ambaye kwa mila alipaswa kumheshimu kwa mbali, ndiye aliyekuwa amemchagua kuwa mke mbele ya ukoo.

"Nilitaka ardhi inimeze," anakumbuka Ishmael, akiikunja kamba nyekundu kiganjani. "Lakini si ati nilibahatisha. Ile shuka niliona ni mtego, nikasema Lyse amechukua kitambaa cha Shangazi. Halafu mikono ilikuwa nje. Lyse akiwa na wasiwasi huficha vidole gumba ndani ya ngumi, hivi. Hajui anafanya. Nikaona namba nne ameficha vidole gumba. Nikasema, kwisha."

Aliwaeleza hivyohivyo siku ile, akijitetea. Kicheko kikapungua. Lyse alikuwa ameshajifunua. Akaitazama mikono yake.

Mélanie naye akaitazama yake.

"Yeye anafanya hivyo?" akauliza.

"Kila siku, Mama."

Miaka kumi na minne alikuwa amemwona binti yake kwa simu, uso tu, wakati mwingine paji la uso na dari. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari za mikono. Akaivuta shuka, akajifunika tena, na safari hii hakukuwa na mila iliyomtaka afanye hivyo. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Mzee Kinuthia akakohoa.

"Mama Verdiane, kijana amekosea. Taja faini."

Walitegemea atataja mbuzi, au kreti za soda kwa wakati kumbi zitakapofunguliwa. Verdiane anasema hakuwa amepanga alichokisema.

"Nilimwambia, mwanangu, umechagua mwenyewe mbele ya watu. Uliyemchagua yuko Italia. Faini yako ni kumfikisha binti yake hapo alipokaa, ndipo umwoe. Hapa kwenye bustani simtoi."

"Nikasema sawa, nitalipa," anasema Ishmael. "Sikumwangalia hata Lyse kwanza. Ilibidi."

Lyse akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini, kwamba basi watasubiri. Kitambaa kidogo cha keki ya watu saba kikarudi gerejini.

Mwezi huu wa Oktoba serikali imetangaza kwamba kuanzia Novemba mosi raia waliochanjwa wataruhusiwa kutoka na kurudi. Verdiane alisikia habari hiyo kazini, akiwa anamlisha uji mzee mmoja. Aliweka kijiko chini, akaomba radhi, akaenda kusimama bafuni.

Tarehe mpya ni Jumamosi ya baada ya Pasaka, mwaka 2022. Tiketi zimepanda, na hajui kama vitambaa vyake vitakubaliwa kwenye mizigo. Anaogopa pia kutangaza tarehe mbele ya kanisa.

"Nimeitangaza mara mbili. Mara hii nitawaambia tukishapaa."

Asubuhi hii, hata hivyo, ua wote umeshachorwa. Jirani wa ghorofa ya pili, mama wa Kilebanoni aliyezoea kuliona jambo hili, ameliondoa gari lake bila kuombwa. Watoto wawili wa jirani wanarukaruka kwenye njia ya bibi harusi. Verdiane anawafukuza kwa chaki.

Lyse anafika kutoka zamu, viatu mkononi. Anatembea katikati ya mistari kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala: mlango, meza, mlimao, ukuta ambao nyuma yake, kwa maelezo ya mama yake, bahari husikika hata usipoiona.

"Mama, wewe utakaa wapi?" anaiuliza simu.

"Muulize shangazi yako. Yeye ndiye mwenye chaki."

Verdiane anaonyesha mraba mdogo mbele kabisa, karibu na mlimao. Hapo ndipo kitakapokaa kiti cha mama mzazi.

Mélanie anachukua kiti cha hoteli, anakiweka mahali hapohapo upande wake, anainama kukitazama kwenye simu. Anaondoka. Anarudi na kingine.

"Na wewe, wifi? Sioni kiti yako."

"Mimi niko kazini siku hiyo. Nitasimama nyuma, kwenye vyakula."

"Nani alimpa huyu mtoto sweta?"

Verdiane anajishughulisha na kuikunja kamba, lakini kamba iko kwa Ishmael.

"Nimeweka kiti mbili," anasema Mélanie. "Nimeshaweka. Chora."

"Chora, Aunty," anasema Lyse.

Verdiane anapiga magoti tena, polepole, akishika goti la kulia linalomsumbua tangu majira ya baridi. Chaki imebaki kipande kidogo. Anachora mraba wa pili kando ya ule wa kwanza, karibu kiasi cha viti kugusana, kisha anakaa humo humo chini kwenye saruji, kujaribu kama bibi harusi ataonekana.