Nyayo Arobaini na Mbili Hadi Balkoni

Enzi zetu kule Bredäng, Uswidi, mtoto hakuhitaji simu ili ajue saa ya kurudi nyumbani. Wakati wa baridi kali taa za njiani ziliwaka saa tisa mchana, nawe ukaanza kukimbia, suruali imeganda magotini kwa theluji, kwapani una chupa mbili tupu za kurudisha dukani upewe sarafu. Nawaandikia ninyi tuliokua pamoja kwenye maghorofa yale ya laini nyekundu ya treni, ninyi mlioteleza kilimani juu ya mifuko ya takataka kwa sababu vile vigari vya plastiki vya kutelezea vilikuwa vya watoto wenye baba na mama na gari. Na mifuko ilikuwa na kasi kuliko vigari. Muulizeni yeyote. Aliyekwenda mbali kuliko wote ni mimi, hadi ukutani kwa kituo cha treni, na hajatokea wa kunipita, maana watoto wa leo kilima wanakiangalia dirishani.

Asiyenijua anijue. Mimi ni Byamungu, yule wa malori matano ya kuhamisha vyombo. Vijana kumi na mmoja wananiita bosi, na shule niliiacha katikati. Hata nywele zimeanza kunihama kichwani, na hizo sikuzitoza nauli. Sikurithi kitu, sikubebwa na mtu. Ndivyo ninavyosema kila harusi na kila kanisa, na ni kweli. Lakini kuna habari ya sakafu ambayo huwa naipita haraka, na leo nataka kuisema polepole.

Tulitoka Bukavu wanne: mama, mimi, dada yangu Furaha, na Dieudonné akiwa bado mgongoni. Baba tulishamzika. Mama akapata kazi ya kusafisha wodi kwenye ile hospitali kubwa ya Flemingsberg, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi akasafisha ofisi mjini tangu asubuhi hadi jioni. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, jengo letu likauzwa kwa wapangaji wenyewe. Anayetaka, akope benki anunue fleti yake. Asiyetaka, abaki kulipa kodi. Majirani wengi walibaki kulipa kodi. Mama Shiku, Mkenya wa ghorofa ya chini yetu, alipanda ngazi makusudi kuja kumzuia mama asikope.

"Mama Byamungu, wewe uko peke yako na watoto watatu. Hiyo mkopo itakumaliza, aki."

"Kodi nayo haitanimaliza?" mama akamuuliza. "Tofauti ni nini? Kodi inanimaliza na hainiachii hata mlango."

Benki tulikwenda wawili, mama na mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mkalimani wa nyumba. Miaka kumi na miwili, miguu haigusi sakafu vizuri, na nazungumzia riba. Watoto wangu leo nikiwatuma wamuulize muuza duka bei ya vitunguu wanaona aibu. Basi, kijana wa benki akatueleza kwa upole kwamba mama hana haja ya kulipa mkopo wenyewe. Alipe riba tu kila mwezi. Kila mtu hapa anafanya hivyo. Nikatafsiri.

Mama akamtazama kijana yule kama anayemtazama mgonjwa wake wa wodini, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambacho "wa" ni "ba":

"Umuulize, kama balipi, hiyo deni banaifanya nini? Banakufa nayo?"

Nikauliza. Kijana akasema, ndiyo, wengine ni hivyo, au wanauza nyumba.

"Umuambie miye sitaki kufa na deni ya banki. Aandike: kila mwezi riba, na kipande cha deni juu yake."

Tulipopata funguo, kabla ya kuingiza hata kiti, mama alivua viatu akasimama mlangoni. Akaanza kutembea kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, kutoka mlangoni, kupita choo, kupita jikoni, kukata sebule, hadi kwenye mlango wa balkoni. Nyayo arobaini na mbili. Akaniambia nigawanye mkopo wote kwa arobaini na mbili. Niligawanya nyuma ya boksi la viatu, na mwalimu wangu angekuwepo angelia kwa furaha, maana ndiyo hesabu pekee niliyopata sawasawa mwaka ule. Kisha mama akachukua selotepu nyekundu, akaibandika sakafuni palepale kizingitini.

"Munaona? Huku nje ni pa watu wote. Huku ndani ni pa banki. Kila nitakapomaliza wayo moja, tunaisogeza. Na siku itafika balkoni, kazi ya Jumamosi ninaiacha. Jumamosi yangu itarudi kwenu."

Nyinyi mlikuwa na ludo na karata. Sisi tulikuwa na mchezo wa benki. Nyuma ya selotepu, upande wetu, unaruka, unaimba, unapigana na dada yako. Ukivuka mstari unageuka mgeni: unatembea kwa soksi, unanong'ona, na ukikaa kwenye kochi unasema, "Asante, benki." Mwaka wa kwanza tulipata nyayo nne na choo kikawa chetu. Dieudonné, aliyekuwa na miaka mitatu minne, alishinda humo siku nzima akiimba kwa sauti kwa sababu ndipo mahali pekee paliporuhusiwa. Jikoni kulipokuwa kwetu nusu, Furaha alipika akiwa amesimama upande wetu na kunyoosha mkono hadi kwenye jiko la benki. Mimi nikikosa adabu, sikuchapwa. Mama aliniambia, "Nenda ukae kwa banki." Niamini, hakuna adhabu iliyouma kama ile. Unakaa pale sebuleni kama mtu anayesubiri viza, huku wenzako wanacheka jikoni.

Na tulikula vizuri, asikudanganye mtu. Sombe, yaani kisamvu, ya barafu kutoka duka la Mwafrika, bugali, ugali wetu, ngumu ya kushika, na samaki wadogo ambao mama aliwaunguza kidogo kwa makusudi ili wafanane na sambaza wa ziwa la kwetu. Kitu kimoja cha Waswidi alichokipenda kwa moyo wote ni ile desturi yao kwamba mtoto anakula pipi Jumamosi tu. "Hawa bazungu bako na akili," alisema, kisha yeye akaiboresha: Jumamosi moja kwa mwezi. Chupa tulizookota kule ufukweni Mälarhöjden majira ya joto ndizo zilizonunua pipi nyingine, na alijua, akajifanya hajui.

Lakini Jumamosi zenyewe zilikuwa ndefu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko theluji. Wenzetu walikwenda na wazazi wao kuteleza kwenye barafu au kula soseji msituni, sisi tulihesabu treni kutoka dirishani, ipi imembeba mama. Mama Shiku alipanda mara mbili tatu kutuchungulia. Mara ya kwanza alipouona mchezo wetu alicheka hadi akashika ukuta. Mara ya pili alivua viatu mlangoni, akauliza, "Leo mstari uko wapi?" na akapita upande wa benki kwa kunyata.

Nikiwa na miaka kumi na sita mama alianguka kwenye barafu nje ya kituo, mgongo ukamkataa. Wiki nyingi nyumbani, pesa ya mgonjwa ni ndogo, na mwaka ule selotepu haikusogea hata wayo mmoja. Ilibaki palepale mwanzoni mwa sebule, ikaanza kuchafuka pembeni. Siku moja mama, akiwa bado anatembea kwa fimbo, alisimama sebuleni akaiangalia. Ilikuwa imeng'olewa na kubandikwa tena mbele, imepinda kama mdomo wa mtu anayenuna. Nyayo tatu mbele.

Hakuuliza ni nani. Dieudonné alikuwa na miaka saba na uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Kwa nini, mutoto wangu?"

"Ili Jumamosi ije," akasema, kwa Kiswidi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili ieleweke vizuri.

Mama alikaa chini sakafuni kwa mgongo ule ule mbovu. Hakugomba. Aling'oa selotepu polepole, akairudisha mahali pake, na akamfanya Dieudonné ashike ncha moja. "Tukiidanganya hii," alimwambia, "hatutajua siku tumefika." Kisha akamkalisha mapajani, upande wetu, na hapakuwa na mtu aliyecheza mchezo wowote siku ile.

Mimi niliona yote. Nikaamua kuwa mwanaume. Mwaka uliofuata niliacha shule nikaenda kubeba makochi na mashine za kufulia, ghorofa ya tano bila lifti, nikiwa na mgongo wa miaka kumi na saba ambao haukujua neno kuchoka. Vijana wangu wa leo wakibeba boksi la vitabu wanaomba mapumziko na kahawa. Mshahara wa kwanza nilimwekea mama mezani, nikabaki nimesimama nikisubiri aniambie nimeokoa nyumba.

"Miye nilikutuma kazi?" akasema. "Nilikutuma masomo."

"Sogeza mstari, mama."

"Hiyo pesa yako haitakanyaga hapa."

Aliichukua bahasha, lakini mstari haukusogea. Mwezi wa pili vilevile. Kila mwezi nilimpa, kila mwezi alipokea, na selotepu ilisogea kwa mwendo wake yeye tu. Nilikasirika miaka mingi kwa jambo hilo. Nilijiuliza pesa yangu ina ukoma gani. Hata hivyo sikuacha kumpa, kwa kiburi. Nilitaka siku moja achoke kukataa.

Hakuchoka. Alirudi kazini na mgongo umefungwa mkanda, na miaka mingine sita hivi mstari ukapita kochi, ukapita televisheni, ukafika wayo wa mwisho. Siku ya kumaliza alitoa pesa ile kwa noti, akaitia kwenye bahasha, akavaa kitenge chake cha kijani na koti kubwa juu, akatuamuru sote watatu tuvae kama tunaokwenda kanisani. Alitaka kuilipa mkononi, mtu na mtu, mbele ya wanawe, na apewe karatasi yenye muhuri.

Tulipofika, msichana wa benki alitutazama, akaitazama bahasha, akasema tawi lao siku hizi halishiki noti kabisa. Pesa zote zinapita kwenye kompyuta.

"Banki haina pesa?" mama akaniuliza.

"Haina, mama."

"Miaka yote hii nilikuwa ninamulipa nani?"

Furaha alicheka kwanza, halafu mimi, halafu yule msichana, na mama mwisho. Tulipanda treni hadi mjini, kwenye tawi lililokubali noti, na mama akaziweka moja moja juu ya meza ya mama mmoja mzee aliyevaa miwani. Muhuri hakupata. Barua ilikuja kwa posta baada ya wiki mbili, karatasi moja nyembamba. Jioni ile mama aling'oa selotepu, akaikunja ikawa kidonge chekundu, akafungua mlango wa balkoni na kutoka nje na soksi. Nyuma ya misonobari ziwa lilionekana kipande. Alipiga kelele moja tu, ya Bukavu, ile ya harusi. Chini yetu Mama Shiku akafungua dirisha, akajibu kwa vigelegele vya kwao.

Kisha akaingia chumbani, akanipa kitabu cha akiba chenye jina langu. Bahasha zangu zote zilikuwa humo, tangu ile ya kwanza.

"Hii ni jasho yako," alisema. "Sakafu ni yangu."

Ndiyo iliyonunua lori langu la kwanza. Kwa hiyo ninaposema nilianza kwa pesa yangu mwenyewe, sidanganyi. Ninachoacha kusema ni aliyeitunza.

Jumamosi iliyofuata mama hakwenda kazini. Aliamka mapema kwa mazoea, akapika sombe, akachoma samaki, akapanga sahani nne. Mimi nilikuwa na mzigo wa kuhamisha, nina miaka ishirini na mitatu. Furaha alikuwa na mtihani wa uuguzi kule kule Flemingsberg ambako mama alisugua sakafu. Dieudonné alikuwa na mechi. Tulirudi jioni mmoja mmoja, chakula kikiwa kimefunikwa, naye amekaa balkoni na blanketi magotini. Hakulalamika. Alituuliza tu kama tumeshiba huko tulikotoka, na sote tukasema hapana, tukala hadi tukashindwa kuinuka. Na kuanzia hapo hakuna Jumamosi aliyokaa peke yake. Tulipangiana zamu, na mimi sijawahi kukosa yangu, hilo najisifu bila haya.

Leo nina nyumba Upplands Väsby, ghorofa mbili, bustani, mahali pa kuegesha magari mawili. Mkopo wake nikiutaja mtakaa chini. Watoto wangu wananijibu Kiswidi, wanakula pipi Jumanne, na kila mmoja ana mlango wa kufunga. Sisi wanne tulikuwa na nusu ya jiko na tulijua kila wayo umetoka wapi. Wao wana vyumba saba na hawajui ni vya nani.

Mama alipokuja kuiona, nilimtembeza kote, juu na chini, nikimwonyesha vigae, nikimwonyesha bafu la pili. Alisifu kila kitu. Tuliporudi chini akaniuliza swali moja.

"Na selotepu ya hapa imefika wapi?"

Nilipiga hesabu kichwani, maana mimi pia kijana wa benki aliniambia riba tu inatosha, na mimi nilimwitikia.

"Mpaka kwenye viatu, mama."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Akaenda hadi mlangoni, akasogeza mabuti ya watoto, akakaa na kitenge chake kwenye kile kibenchi cha kuvalia viatu.

"Bon. Muniletee chai hapa. Miye sitakunywa chai kwa banki."

Binti yangu mdogo alicheka, akachukua kikombe chake, akaenda kujibana pembeni mwa bibi yake. Kaka yake akafuata, akiuliza kwa Kiswidi mchezo huu unachezwaje. Na mimi bosi, mwenye malori matano, nikavuta soksi zangu, nikapita sebule yote kwa kunyata, nikakaa chini kwenye zulia la viatu.