Marekani Mbichi Mlangoni

Mpaka chokaa wetu wa Igamba hakwangui kuvu ukutani kabla ya kulowesha kitambaa cha marekani na kukitundika mlangoni, kinase vumbi lisisambae nyumba nzima. Ukuta nao huulowesha polepole, kama anaogesha kichanga. "Baba, baadaye utaubeba mgongoni?" nilimtania. "Fumba mdomo," akajibu kupitia leso aliyojifunga usoni, "unanipeperushia vumbi." Nje, Nesta alimpakata mwanawe mwenye pumu, akisubiri chumba chao. Kazi ilipokwisha, marekani ilikuwa nyeusi upande wa ndani tu. Haikumtosha fundi. Alifungua dirisha, akangoja, kisha akavua leso na kuvuta pumzi ndefu, yeye ambaye hata vumbi la unga humkohoza hadi machozi. Sote tulikikodolea macho kifua chake. Kimya. "Haya mama," akasema, "mlete."