Sema Siko

Wakimbiaji hulala asubuhi. Wageni wanaokuja Eldoret hawalijui hilo. Wao huamka kuona mazoezi ya alfajiri kwenye barabara ya udongo, wakapiga picha vumbi, kisha wakaenda zao kunywa chai. Lakini nusu ya kazi ya mkimbiaji hufanyika saa nne asubuhi, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia, na kazi yenyewe ni kulala. Mdogo wangu alikimbia kabla jua halijachomoza, akarudi, akaoga, akala, na kufikia saa nne alikuwa amelala fofofo. Mimi nililinda usingizi wake. Hiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka sita, na ndiyo iliyommaliza.

Alikuwa mtu wa mbio za nyika. Uwanjani alisema anazungushwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba, na lami ilimuumiza magoti. Alitaka matope, nyasi, mlima, gogo la kuruka. Tulipokuwa shule ya msingi kule Moiben, mimi darasa la nane na yeye la tano, tulikimbia pamoja siku moja baada ya mvua. Kiatu chake kimoja kilizama kwenye matope, akakiacha hukohuko, na kwenye kilima cha mwisho akanipita bila hata kunitazama. Nilikasirika, sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu nikakubali moyoni kwamba mkimbiaji wa nyumba yetu ni huyu, si mimi.

Akawa bingwa wa taifa. Akaenda ng'ambo na timu, akarudi na dhahabu. Pale uwanja wa ndege Mama alimnywesha mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa yakamchirizika kidevuni mbele ya kamera, na mimi nyuma yao nimeshika mabegi nikilia kama mjinga. Alijenga nyumba hapa mjini akaniita nikae naye. Nilipika ugali, nikafua nguo za mazoezi, nikajibu simu zake. Pia nilimjazia taarifa za wapimaji.

Hizi taarifa watu wengi hawazielewi, kwa hivyo nizieleze. Bingwa wa kiwango chake hupimwa dawa za kututumua misuli bila kupewa habari mapema. Ili apatikane, lazima aandike kwenye simu kila siku atakuwa wapi, na ataje saa moja ambayo wapimaji wakija watamkuta hapo bila kukosa. Wakimkosa mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili, anapigwa marufuku. Yeye mambo ya simu yalimchosha, kwa hivyo saa nilichagua mimi. Niliandika saa nne hadi saa tano asubuhi, na nikajiona mwerevu. Saa hiyo angekuwa wapi kama si kitandani?

Mara ya kwanza walimkosa kwa sababu ndege yake ilichelewa. Mara ya pili shangazi yetu alikufa, tukaenda Cheptiret kumzika, na katika pilkapilka za mahema na masufuria nikasahau kubadilisha mahali. Alinigombeza, halafu jioni akaja jikoni kuniomba msamaha kwa kunigombeza. Tulihesabu kwenye kalenda ya ukutani miezi iliyobaki kabla ya kosa la kwanza kufutika. Ilikuwa minne.

Ndani ya hiyo minne akashinda tena ubingwa wa taifa, na lango letu likageuka soko. Walikuja wanakamati wa kujenga kanisa, wazazi waliotafutia watoto shule, wanasiasa waliotaka kupigwa picha naye. Huku kwetu mshindi ni wa kila mtu, na kumfukuza mgeni langoni ni aibu ambayo Mama angeisikia Moiben kabla jua halijatua. Kwa hivyo hatukumfukuza mtu. Tulisema ametoka. Kila nyumba ya mkimbiaji ninayoijua husema hivyo. Hata mgeni mwenyewe anajua ni uongo wa heshima, anaacha ujumbe na kwenda zake bila kinyongo.

"Dada, nimechoka," aliniambia asubuhi moja, macho mekundu. "Wiki mbili sijalala vizuri. Mtu yeyote akikuja hiyo saa, sema siko. Hata kama ni nani."

"Hata pasta?"

"Hata pasta. Hata Mama!"

Tulicheka, tena sana.

Jumanne iliyofuata walikuja wawili, mwanamke na mwanaume, na gari dogo jeupe. Mpimaji tuliyemzoea alikuwa mama mmoja mnene ambaye tulishamkaribisha chai mara kadhaa. Hawa sikuwahi kuwaona.

"Habari ya asubuhi, Mama. Tunamtafuta dadako. Yuko?"

"Ametoka."

"Ameenda wapi?"

"Alienda Soy."

"Na atarudi saa ngapi?"

"Hata sijui. Pengine jioni."

Hawakusema wao ni nani. Mimi sikuuliza, kwa sababu ukimuuliza mgeni wa aina hiyo shida yake, atakueleza yote. Simu ya mdogo wangu nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni, nimeizima mwenyewe. Walirudi kwenye gari wakakaa. Nikawachungulia dirishani nikisema moyoni, hawa leo wamekuja na shida kubwa, lakini mimi hawaniwezi. Kwa kweli niliona fahari. Saa tano kamili waliwasha gari wakaondoka, na hata hiyo saa tano kamili haikunishtua.

Muda mfupi baadaye aliamka, akajinyoosha mlangoni, uso umepumzika kabisa. Akauliza kama kuna mtu alikuja.

"Watu wa harambee tu," nikamjibu.

Barua ya wapimaji ilipofika kwenye simu, mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Aliisoma amesimama, akarudia, halafu akasema polepole, "Dada, hapa wameandika mtu wa nyumbani aliwaambia nimeenda Soy."

Nilitaka anipige. Nilitaka avunje sahani, anirushie nguo zangu nje ya lango. Yeye alikaa chini karibu nami, akaanza kuchambua maharagwe, akasema, "Na mimi ndiye nilikuambia." Hadi leo afadhali angenipiga.

Tulijitetea. Niliapa kwa maandishi kwamba siku hiyo alikuwa ndani, kitandani, mlango wa pili kutoka nilipokuwa nimesimama nikidanganya kama alivyoniagiza. Jibu lilikuja kwamba mwanariadha mwenyewe ndiye aliyepanga kukanwa, na huo ni uzembe wake. Bwana mmoja mjini alijitolea kututafutia karatasi ya hospitali kuonyesha alikuwa amelazwa. Mdogo wangu alimfukuza. Nisiwe mnafiki, mimi ningeichukua. Wakampiga marufuku miaka miwili.

Hakuna aliyekumbuka mambo ya lango na usingizi. Watu walikumbuka neno dawa. Msichana ambaye hata Panadol hakuimeza bila kumpigia daktari simu akawa "yule wa dawa", dukani, kanisani, mpaka kwa kinyozi. Kambi zilimfungia milango, akafanya mazoezi peke yake. Marufuku ilipokwisha alijiandikisha kwa mchujo wa nyika. Mvua ilikuwa imenyesha, matope yale yale aliyoyapenda, na wasichana waliokuwa shule ya msingi wakati yeye anashinda walimpita mmoja mmoja. Kwenye ua wa kamba mwanaume fulani alipaza sauti, "Leo dawa zimeisha?" Watu wakacheka. Alimaliza mbio. Alipofika nyumbani aliosha viatu vyake vya misumari, akavianika juani, na hajavivaa tena.

Siku hizi anafuga ng'ombe wanne na halali asubuhi. Mimi bado naishi kwake. Sijui kwa nini hanifukuzi, na sina ujasiri wa kuondoka mwenyewe. Watu huniambia haya yatapita. Hayatapita. Miguu yake ilikuwa na miaka michache tu ya kushinda, na mimi niliimalizia pale langoni kwa maneno machache ya adabu.

Juzi, kama saa nne na nusu, lango lilipigwa kwa nguvu. Nilikuwa naanika mahindi uani. Kabla sijainuka nilimwona akitoka zizini mbio, pekupeku, mikono imejaa pumba, akakata katikati ya mahindi yangu, magoti juu, vile alivyokuwa akipanda vilima.

"Niko!" alikuwa akiita. "Niko hapa! Niko ndani!"

Alifungua lango kwa mikono miwili, akihema. Nje alisimama mwanaume na pikipiki iliyofungwa kreti nyuma. Alimtazama mdogo wangu, akanitazama mimi, kisha akauliza kama tunahitaji vifaranga.